Tiketi ya Kwenda na Kurudi

Janeffer Chelang'at alifika miaka hamsini na tatu bila kushtushwa na kitu kikubwa kuliko mvua ya mawe. Na mvua ya mawe ya Kimulot si mchezo, usidharau. Inanyesha dakika kumi na kuacha shamba la chai limebaki vijiti. Mtu akishaona hiyo mara tano sita, hashangai ovyo. Alizaa wanne, akamwoza kifungua mimba wake Chebet huko Ndanai, akamzika mama mkwe, akachuma chai kila siku ya Mungu isipokuwa Jumapili tangu alipoolewa na Kipkurui, na kwa yote hayo uso wake haukugeuka sana. Kumbe mishtuko yote aliyokuwa amenyimwa ilikuwa inawekwa mahali, ije kumshukia ndani ya miezi mitatu.

Chanzo ni kuimba. Janeffer hakuwa mwimbaji wa kwaya. Mwalimu wa kwaya alishamwambia sauti yake ni pana mno, inafunika wengine. Lakini kwenye mistari ya chai yeye ndiye aliyekuwa anaanzisha. Wanawake sita wa kokwet yao, yaani majirani wa karibu, walikuwa na zamu ya kusaidiana: leo kwako, kesho kwangu. Janeffer akitupa majani ya kwanza kwenye kikapu mgongoni, wimbo ulikuwa umeshatoka, na wale wengine wanaitikia huku mikono inakwenda mbio. Siku za wimbo kilo zilikuwa zinapanda. Hiyo wanawake waliijua, na ndiyo sababu walikuwa wanagombania zamu yake.

Sasa kuna mama mmoja aitwaye Jerusa, mtu wa upande wa ziwa, aliyekuja Kimulot na mumewe fundi wa mitambo ya kiwanda cha chai. Jerusa ana saiba pale senta, kompyuta tatu na mashine ya kutoa kopi, na sifa yake imefika hadi Sigor: huyu mama anajua kutafuta ndege za bei nafuu. Vijana wanaokwenda kukimbia mbio za barabarani Ulaya wanapitia kwake. Yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege hata siku moja, na ukimtania juu ya hilo anakuuliza kama kinyozi lazima ajinyoe. Siku moja alikwenda kwa Janeffer kuchukua maziwa, akakuta wimbo umepamba moto shambani, akatoa simu akarekodi video. Jioni akaiweka mtandaoni, bila kuomba ruhusa, na kusema kweli bila kufikiria.

Mwezi wa Aprili barua ikaja kwenye saiba. Huko Ulaya, upande wa kaskazini, kuna tamasha la muziki la kila Julai, na mwaka huu walikuwa wanataka nyimbo za kazi: wavuvi, wakata magogo, wachunga mbuzi, na mama yule wa chai waliyemwona mtandaoni. Malazi na chakula juu yao. Tiketi ajinunulie mwenyewe, na akifika atarudishiwa fedha, mradi isizidi kiasi fulani.

Jerusa aliisoma ile barua mara mbili, kwanza kwa Kiingereza, halafu kwa Kiswahili. Kipkurui, mwenye nyumba, aliuliza swali moja tu: huko Julai si baridi? Maana Julai ya Kimulot hata mbwa hatoki jikoni. Akaambiwa kule Julai ndiyo joto lao, watu wanakaa uwanjani na kaptula. Kipkurui alitikisa kichwa, akasema basi dunia imepinduliwa na hakuna aliyemwambia.

Lakini Janeffer alikuwa ameshtuka kwa namna ambayo hata yeye hakuielewa. Tangu azaliwe watu walikuwa wanamwomba kilo. Waliomba maziwa, kuni, chumvi, na zamu shambani. Wimbo hakuna mtu aliyewahi kumwomba. Usiku ule alimwambia mumewe waziwazi kwamba anataka kwenda, anataka sana, na asipokwenda moyo wake utauma mpaka kaburini. Kipkurui hakuwa amemsikia akitaka kitu namna hiyo tangu wajuane. Wiki iliyofuata akampeleka mtamba wake mweusi sokoni, yule aliyekuwa karibu kupandishwa, na hakunung'unika.

Wakaenda kwa Jerusa kununua ndege.

Hapo ndipo mambo yalipoanza. Bei ya kwanza iliyotokea kwenye kioo ilikuwa laki moja na sitini na nne elfu. Janeffer alishika kifua. Jerusa akacheka, akasema hiyo ni ya watu wasiojua kutafuta, watulie. Wakatulia, wakaletewa chai, na chai haijaisha bei ikawa imeongeza elfu sita. Janeffer alitaka kujua nani ameipandisha.

"Ukiangalia sana inapanda, Mama Chebet," Jerusa akamwambia.

"Kwani inajua ni mimi naangalia?"

"Inajua. Ndio maana nafuta nyayo kwanza."

Na kweli akafuta, akabonyeza huku na kule mpaka mashine ikasahau kwamba kuna mama wa Kimulot anahitaji kusafiri. Janeffer ameuza maziwa miaka thelathini, na hajawahi kuona lita inapanda bei kwa sababu mnunuzi ameirudia kuitazama. Aliona ni tabia mbaya, tena ya wazi, na akashangaa wenye ndege wanaiendesha mchana bila haya.

Jerusa akahamisha safari kutoka Ijumaa hadi Jumatano, bei ikashuka. Akaipitisha Uarabuni badala ya moja kwa moja, ikashuka tena. Akaipitisha Uarabuni, ikaruka ule mji wa tamasha hadi mji mwingine mbele yake, kisha ikarudi nyuma kwa ndege ndogo, na bei ikaporomoka. Janeffer akasimama. Yaani mtu akienda mbali zaidi analipa kidogo? Ndivyo. Na akikaa saa kumi na nne kwenye kiti cha uwanja wa ndege akingojea, analipa kidogo zaidi? Ndivyo, Jerusa akasema, mtaka cha mvunguni sharti ainame. Halafu, kwa kujaribu tu, akaweka safari ya kwenda bila kurudi. Ikatokea laki moja na kumi. Akaweka kwenda na kurudi. Ikatokea sabini na nane elfu.

Makubwa! Janeffer alimsihi afute aanze tena, maana mashine imekosea na watakuja kushtakiwa. Haikuwa imekosea. Kurudi nyumbani kulikuwa kunampunguzia mtu nauli. Katika mambo yote aliyoyasikia siku ile, hilo peke yake lilimpendeza, kwa sababu hakuwa na mpango mwingine. Angekwenda Jumatano tarehe tisa Julai, aimbe Jumamosi, arudi Jumanne. Chai yenyewe haingoji zaidi ya hapo.

Maandishi madogo ya ile tiketi yalisema haibadilishwi tarehe, haibadilishwi jina, na fedha hazirudishwi. Jerusa aliyaona. Aliyapita kama watu wanavyoruka ubeti wa tatu kanisani. Wale vijana wake wa mbio visa zao zinashughulikiwa na mawakala wao. Yeye kazi yake ni tiketi, na tiketi ya sabini na nane ilikuwa imebaki viti viwili. Akabonyeza. Ndege ikanunuliwa, visa haijaombwa.

Siku ya kupeleka maombi ya visa Nairobi ilikuwa tarehe kumi na moja Juni. Karatasi zote zilikuwa tayari: barua ya mwaliko, pasipoti mpya, picha, hati ya shamba kwa jina la Kipkurui. Kitu kimoja tu kilikuwa kinamnyima Janeffer raha, na ni mikono yake. Wewe ambaye hujachuma chai huwezi kuijua aibu hiyo. Utomvu wa majani unaingia kwenye ngozi ya vidole na kuigeuza nyeusi, kwenye mikunjo, kwenye kucha, na sabuni haiutoi. Kanisani wanawake wa chai wanatoa sadaka na vidole vimekunjwa. Janeffer akajiuliza atawezaje kuweka mikono ile mbele ya watu wa ofisi, wamwone mchafu, wamnyime.

Basi wenzake wakaja kumsaidia. Rebeccah, jirani wa mpaka kwa mpaka na rafiki yake wa tangu ujana, alileta ndimu, dawa ya kufulia nguo nyeupe, waya wa kusugulia masufuria, na lile jiwe la kusugulia visigino. Walimkalisha kwenye kigoda jikoni, wakavigawana vidole, kila mmoja vya kwake. Walisugua tangu saa tisa alasiri mpaka ng'ombe wakaanza kulilia kukamuliwa. Vidole vilitoka vyeupe na vyekundu, laini kama yai lililomenywa, vinawasha. Wote wakavisifu. Janeffer alisafiri navyo ameviweka mapajani kama mgeni.

Ofisi ile ina vioo na namba. Namba yake ilipoitwa, Janeffer alikwenda na Jerusa nyuma yake. Binti wa dirishani alikuwa mpole, akachukua karatasi, akasema sasa mama weka vidole vinne vya kulia hapa kwenye kioo. Akaweka. Bonyeza kidogo. Akabonyeza. Binti akaangalia mashine yake, akasema tupanguse. Wakapangusa. Kushoto nako vivyo hivyo. Gumba. Gumba la pili. Wakapaka mafuta kidogo, wakapangusa tena. Foleni nyuma ilianza kukohoa.

"Mama," binti akasema, "vidole vyako havina alama."

"Vimeenda wapi?"

Binti akamwita mkubwa wake, naye akashika kidole kimoja kimoja na kukiinamisha kwenye mwanga. Akamuuliza anafanya kazi gani. Akauliza tena amevifanya nini juzi. Janeffer akaeleza kila kitu, ndimu, dawa, waya na jiwe, na kadiri alivyoeleza ndivyo alivyoona uso wa yule mwanamume unavyobadilika. Miaka thelathini ya chai ilikuwa imeila ile ngozi ikabakisha kidogo. Hicho kidogo Rebeccah na wenzake walikuwa wamekimaliza kwa upendo. Akaambiwa arudi tarehe ishirini na tano. Wiki mbili asichume, asilime, asioshe vyombo, asikamue. Bila alama hawawezi kupokea maombi, na wakishapokea, jibu ni siku kumi na tano.

Jerusa akahesabu kwa vidole vyake mwenyewe, ambavyo vilikuwa na alama zote. Tarehe ishirini na tano na siku kumi na tano ni tarehe kumi. Ndege ni tarehe tisa. Alikaa chini palepale kwenye sakafu ya vigae, mtu mzima, na mkoba wake. Njia nzima ya kurudi alikuwa anatafuta tiketi nyingine kwenye simu, na ya chini aliyoiona ilikuwa laki moja na arobaini. Mtamba mwingine hakuwepo. Ilibidi vidole virudi, na visa iwahi ndege, basi.

Wiki mbili zile Janeffer hatazisahau. Alipakwa ile jeli ya kukamulia ng'ombe asubuhi na jioni, akavishwa soksi za Kipkurui mikononi, akakalishwa. Wanawake walichuma zamu yake na kubeba majani mpaka kituo cha kupimia chai. Kipkurui alikamua, na ng'ombe wakapunguza maziwa kwa kumkataa. Mtu akija kumsalimia anamkuta mama mzima amekaa na soksi mikononi saa nne asubuhi, na hakuna aliyejizuia kucheka. Alicheka nao. Lakini wakishaondoka alikuwa anajaribu kuimba, kujipima, na wimbo ulikuwa unatoka mwembamba. Mikono ikikaa, hata pumzi haikujua iingie wapi. Hilo lilimtisha kuliko ile mashine, akalinyamazia.

Siku ya kumi na moja alivua soksi, akaenda dirishani, akaona mistari. Myembamba, imezunguka kwenye ncha ya kidole kama njia za ng'ombe mlimani. Alikuwa hajaiona tangu alipokuwa msichana. Alimwita mumewe aje aone. Kipkurui akamshika ule mkono, akaugeuza, kisha akauachilia upesi kama aliyeshika wa mtu mwingine. Alisema umekuwa mkono wa yule msichana aliyemchumbia, na yeye sasa ni mzee, hajui aushike vipi. Wote wawili waliona haya.

Tarehe ishirini na tano mashine ilivikubali vidole tisa, na gumba la kulia kwa mara ya tatu. Jerusa alipiga kelele ya furaha, akakaripiwa na askari wa mlango. Wakarudi nyumbani kungojea.

Ngoja hiyo sina haja ya kuirefusha. Kila aliyewahi kungojea karatasi ya serikali anaijua. Tarehe mbili hakuna. Tarehe tano hakuna. Begi lilifungwa, likafunguliwa kutazama kama sweta limo, likafungwa. Tarehe nane, Jumanne saa tano asubuhi, bahasha ikafika kwenye saiba, siku mbili kabla ya muda wake. Jerusa hakuifungua. Alifunga duka, akapanda mlima mbio, mama mnene yule, na kokwet nzima ilimwona akipita na bahasha mkononi ikamfuata. Walimkuta Janeffer kwenye baraza, soksi mikononi bado, kwa sababu hakutaka kubahatisha.

Pasipoti ilikuwa safi, kurasa nyeupe tupu. Ndani yake kulikuwa na karatasi ya Kiingereza yenye visanduku, na kisanduku kimoja kilikuwa kimetiwa alama. Jerusa alikisoma kimoyomoyo. Akakisoma tena. Akaishusha ile karatasi, na wote wakajua kabla hajasema.

"Wamekataa," akasema. "Wanasema hawaamini kwamba utarudi."

Rebeccah ndiye aliyeuliza, arudi kutoka wapi? Kutoka huko, Jerusa akasema. Wanaogopa akishafika Ulaya atakaa hukohuko. Hakuna kitu kwenye karatasi zake kinachoonyesha sababu ya kurudi. Shamba ni la mume. Mshahara hana. Kipkurui akasimama, akasema lakini tulinunua ya kurudi, tiketi si inasema kurudi? Inasema. Basi waonyeshwe. Walionyeshwa, Baba Chebet, Jerusa akamwambia, ilikuwa ya kwanza kwenye karatasi zote. Na hapo akaangua kilio, akaomba msamaha kwa ajili ya haraka yake, kwa ajili ya mtamba, kwa ajili ya ile video, kwa ajili ya kila kitu.

Janeffer hakulia. Wangemkatalia kwa vidole angeelewa. Wangemkatalia kwa sauti pia angeelewa, mwalimu wa kwaya alishamzoesha. Lakini hili la kutorudi lilimpiga mahali ambapo hakuwa na ngozi ngumu. Hajawahi kulala nje ya nyumba ile siku tatu mfululizo, isipokuwa kwa uzazi. Alimuuliza Jerusa swali moja: kiti chake kesho atakalia nani?

"Hakuna. Jina lako haliwezi kubadilishwa. Kitaenda wazi."

"Mpaka huko?"

"Mpaka huko. Na usipokwenda, ya kurudi wanaifuta."

Janeffer akavua soksi ya mkono wa kulia, akavua ya kushoto, akazikunja pamoja kama zilizotoka kufuliwa na kumrudishia mumewe. Akaingia ndani, akatoka amevaa epron ya plastiki na gambuti za shambani. Wakamzuia. Rebeccah alimwambia mikono imekuwa laini, itachanika, apumzike leo angalau. Akauliza apumzike akingojea nini. Akajitwika kikapu.

Ile zamu haikuwa imeisha vizuri. Wenzake walikuwa wamechuma cha juu juu, na mistari ya chini ilikuwa imekimbia, majani yamekomaa. Alisimama juu ya shamba akaitazama chai yote mpaka kwenye ukingo wa msitu. Watu walikuwa wamesimama nyuma yake kama kwenye maziko.

"Na hii," akawauliza, bila hasira, kama mtu anayetaka kuelezwa, "walidhani nitamwachia nani?"

Akaingia mstari wa kwanza. Hakuimba. Kabla kikapu hakijafika nusu vidole vilikuwa vimeanza kutoa damu, naye akaendelea kuchuma.